Nyumba ya njia panda iko hatua ngapi kutoka barabarani?

Majuma mawili yaliyopita nilizungumza katika kipindi hiki juu ya magofu ya Kilwa Kisiwani. Nilieleza habari za Msikiti Mkuu, za Husuni Kubwa ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na za Ibn Battuta aliyefika pale mwaka 1331. Nikamalizia na UNESCO, ambayo mwaka 1981 iliyaingiza magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia. Ni mambo yanayojulikana. Mtangazaji akikosa mada, Kilwa haimtupi.

Kesho yake asubuhi ukaingia ujumbe katika simu yangu, kutoka kwa msikilizaji wa pande za Nyangamara, mkoani Lindi. Aliandika hivi: "Shikamoo kaka mtangazaji. Tumekusikia. Kila mwaka ni Kilwa. Sisi wa njia panda hatuna historia? Hapa kwetu kuna duka la zamani lenye baraza, babu alikuwa akiuzia hapo korosho zake. Limepigwa X."

Nilikuwa nakunywa chai, nikaiacha ikapoa. Katika ujumbe ule kulikuwa na lawama, na ninaikubali, maana ni kweli kwamba sisi wa redio na magazeti tukisema "majengo ya kihistoria" tunamaanisha mawe ya Kilwa, Bagamoyo na Mji Mkongwe wa Unguja. Lakini kilichonigusa zaidi ni yale maneno mawili ya mwisho. Msomaji wa mjini hahitaji kuelezwa maana ya X. Waliokuwa wakiishi Kimara kando ya Barabara ya Morogoro mwaka 2017 wanaijua kuliko wanavyoijua herufi nyingine yoyote katika alfabeti.

Basi leo tuiache Kilwa Kisiwani ipumzike, tuzungumze juu ya njia panda.

Katika mila zetu njia panda ni mahali pa kuogopwa kidogo. Mganga humwambia mgonjwa akakiache chungu njia panda, na mama humkataza mtoto asiokote kitu pale. Lakini mfanyabiashara haogopi. Yeye akiona njia mbili zimekutana huona watu wa pande nne, akajenga. Ukitaka mfano wa leo, shuka pale Mnazi Mmoja, karibu na Mingoyo, mahali barabara ya Lindi, ya Mtwara na ya Masasi zinapokutana. Basi halijasimama sawasawa, korosho za kukaanga zimeshafika dirishani.

Njia hizo hazikuanza na lami. Karne ya 19 nchi ya kusini ilikatwakatwa na njia za misafara iliyotoka Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani. Wayao walizijua kuliko mtu yeyote. Zilipitisha pembe za ndovu, nta na gundi, na zilipitisha watu waliofungwa minyororo. Misafara ililala mahali penye maji, palipokuwa na maji pakawa na chakula cha kununua, na palipokuwa na chakula cha kununua pakakutana njia. Hakuna mhandisi aliyechora. Baadaye Mjerumani akaja na wahandisi wake, na Mwingereza naye akaja na wa kwake, lakini mara nyingi walichofanya ni kupanua njia ambayo miguu ilikuwa imekwisha kuichagua.

Jengo la kwanza la kudumu katika njia panda ya namna hiyo kwa kawaida halikuwa boma wala kanisa, lilikuwa duka. Unalijua hata kama hujawahi kufika Lindi, kwa sababu ndugu yake yupo Korogwe, yupo Kilosa, yupo Kondoa. Kuta nene za mawe na udongo zilizopakwa chokaa, mabati yaliyogeuka rangi ya kahawa, na mbele baraza ndefu yenye nguzo. Milango ni ya mbao, ya kukunja, ukiifungua yote duka zima linakuwa wazi kama jukwaa. Nyuma kuna ua, kisima, jiko, na vyumba vya familia. Pembeni kuna ghala. Barazani kuna fundi na cherehani yake, na mizani ya kupimia mazao inaning'inia kwenye boriti.

Mwenye duka mara nyingi alikuwa Mhindi, mahali pengine Mwarabu. Alinunua ufuta, mtama, baadaye korosho, akauza kaniki, chumvi, mafuta ya taa, jembe. Alikopesha pia, na deni lake lilisomwa katika daftari ambalo mkulima hakuweza kulisoma. Sitaki kulipamba duka hilo. Wazee wa kusini wana mengi ya kusema juu ya mizani ile, na mengi si ya kusifu. Lakini ndiyo nyumba waliyoingia wakiwa na mavuno na kutoka wakiwa na nguo ya Idi, ndipo barua zilipopokelewa, na mwenye redio ya kwanza kijijini, mara nyingi alikuwa huyo huyo mwenye duka. Kazi yangu ya leo kwa namna fulani ilianzia barazani pale.

Kisha historia ikapita mlangoni mwake mara kadhaa. Mwaka 1967 Azimio la Arusha. Mwaka 1971 Sheria ya kutwaa majengo, iliyochukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000; duka la njia panda lilikuwa dogo mno kwa sheria hiyo, lakini hofu haikuwa ndogo. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi vijijini yakafungwa ili yafunguliwe ya ujamaa. Familia nyingi zilifunga ile milango ya kukunja zikahamia Dar es Salaam, au mbali zaidi. Jengo likabaki. Likawa duka la kijiji, likawa ofisi, likawa stoo ya pembejeo, likawa ukumbi wa mikutano ya mvua. Ulipoanza mfumo wa stakabadhi ghalani wa korosho mwaka 2007, ghala lolote kavu lenye mlango unaofungika likapata thamani upya, na mimi nimeona kwa macho yangu ghala la kale likipigwa deki na kuwekewa kufuli jipya baada ya miaka mingi ya kulala mbuzi.

Sasa, kwa nini duka moja liwe na uzito wote huu? Sababu ni kwamba majengo mengine ya njia panda hayadumu, wala hayakukusudiwa kudumu. Nyumba ya miti na udongo ikichoka, mwenyewe hujenga nyingine hatua kumi pembeni, na ile ya kwanza hurudi ardhini kimya kimya. Zaidi ya hayo, watu wenyewe walihamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kufikia mwisho wa mwaka 1976 kuishi vijijini kungekuwa lazima, na Operesheni Vijiji ikawasogeza watu barabarani, Lindi na Mtwara zikiwa miongoni mwa mikoa ambako kazi hiyo ilifanyika mapema na kwa wingi. Huko walikotoka kukabaki mahame. Ukienda leo kwenye mahame hukuti nyumba. Unakuta miembe iliyopangwa kwa mstari, makaburi, pengine kinu kilichovunjika. Kwa hiyo kijiji kizima kinaweza kuwa na umri wa miaka hamsini tu mahali kilipo, na duka lile likawa ndilo jengo pekee linalojua palikuwaje kabla watu hawajaletwa.

Njia panda huweza pia kuhama ikayaacha majengo yake. Hili linaonekana vizuri zaidi Kilwa Kivinje, nami naomba radhi kwa msikilizaji wangu kwamba nimerudi Kilwa. Narudi kwa ajili ya barabara tu.

Kivinje ndio uliorithi biashara ya Kisiwani, na katikati ya karne ya 19 ulikuwa mwisho wa njia kuu ya misafara ya Nyasa. Katika miaka ya 1860, kwa makadirio ya wakati ule, karibu watumwa 20,000 kwa mwaka walipitia Kilwa. Mkataba wa mwaka 1873 ulipofunga masoko ya watumwa, mji uliendelea na pembe na mpira. Wajerumani waliutaka, nao mji haukuwataka: Septemba 1888 wenyeji waliwaua wawakilishi wawili wa kampuni ya Kijerumani, na mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya, mfanyabiashara aliyeongoza upinzani dhidi ya utawala huo, alinyongwa pale Kivinje. Mwembe wa kunyongea uliitwa Mwembe Kinyonga, na jina la Kinyonga likaendelea kuishi katika hospitali ya mji huo. Mgonjwa anakwenda kutibiwa mahali penye jina la kitanzi. Sijui taifa lingine lenye ucheshi wa namna hiyo.

Mjerumani akajenga boma lake likitazama bahari. Nyuma yake ukanyooka mtaa wa maduka yenye roshani za mbao na milango ya nakshi. Halafu makao ya wilaya yakahamia Kilwa Masoko kwenye bandari yenye kina, na barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikapita Nangurukuru. Kivinje haikupigwa X hata moja. Haikuhitajika. Mabati yalitoboka, mvua ikaingia, mizizi ya mivumo ikakumbatia kuta, na kila masika tofali moja moja likashuka. Njia ikikuhama, unakufa kwa njaa.

Reli nayo ilifanya vivyo hivyo, kwa haraka zaidi. Mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 ulitaka Nachingwea ilishe Uingereza mafuta ya kupikia. Reli ikajengwa kutoka Mkwaya, kwenye mkono wa bahari wa Lindi, ikafika Nachingwea mwaka 1949. Kisha ikaja bandari ya Mtwara na tawi lake. Matawi hayo mawili yalikutana Ruo. Hebu fikiria, Ruo ilikuwa njia panda ya reli! Lakini mradi wenyewe ulikwisha kutupwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 na ushei, na katika mwanzo wa miaka ya 1960 reli yote ilifungwa na vyuma vikang'olewa. Umri wake haukufika miaka 15. Mtu aliyezaliwa siku treni ya kwanza ilipopita hakuwahi kupanda treni kwao akiwa na ndevu.

Ni wapi basi jengo limeponea? Nenda Nyangao, kwenye barabara hiyo hiyo ya Masasi. Wamisionari Wabenediktini walifungua kituo pale katika miaka ya 1890. Agosti 1905 Vita vya Maji Maji vikafika, Nyangao na Lukuledi zikateketezwa, na katika kukimbia akauawa Sista Walburga Diepolder. Hospitali ya Nyangao leo inaitwa Mtakatifu Walburga. Miaka 12 baadaye, tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, majeshi ya Waingereza na ya Jenerali von Lettow-Vorbeck yalipambana Nyangao na Mahiwa katika mapigano yaliyokuwa makali kuliko karibu yote ya vita ile upande wetu wa dunia. Waingereza pekee walipoteza zaidi ya watu 2,000, waliokufa na waliojeruhiwa, na wengi waliopigana pande zote mbili walikuwa Waafrika, wakiwamo Wanijeria walioletwa kutoka ng'ambo ya bara. Kituo kilichochomwa mara moja na kupigiwa mizinga mara nyingine kipo, kwa sababu baada ya kila balaa kulikuwa na mtu mwenye kazi ya kufanya ndani yake. Wagonjwa walikuwa wanasubiri.

Turudi kwenye X ya msikilizaji.

Nilichukua sheria mbili nikaziweka mezani. Ya kwanza ni Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Wakati inatungwa, mstari huo ulikuwa wa miaka mia na moja nyuma, jambo la busara. Lakini mstari haukuambiwa utembee. Jengo la mwaka 1895, ambalo mwaka 1964 lilikuwa na miaka 69, leo limevuka miaka 125 na bado linaambiwa wewe ni mtoto, mpaka Waziri alitangaze kwa jina katika Gazeti la Serikali. Kitu cha kuchekesha ni kwamba sheria hiyo hiyo inaulinda mlango wa kuchonga uliotengenezwa kabla ya mwaka 1940. Kwa hiyo pale Kivinje nyumba yaweza kuwa na mlango unaotambuliwa na sheria, ukiwa umeshikiliwa na ukuta usiotambuliwa.

Ya pili ni Sheria ya Barabara ya mwaka 2007. Hifadhi ya barabara kuu na za mkoa, ambayo zamani ilikuwa mita 22.5 kila upande kutoka katikati, ikawa mita 30. Aliyekutwa kati ya kipimo cha kale na kipya huwekewa X ya kijani, maana yake barabara ndiyo iliyomfuata, naye hulipwa fidia. Aliye ndani ya mita 22.5 huwekewa X nyekundu. Huyo huhesabiwa kuwa mvamizi.

Sasa weka sheria hizo mbili juu ya njia panda yoyote ya kusini uone. Jengo la kale kuliko yote ni lipi? Ni duka. Na duka lilijengwa wapi? Barabarani kabisa, ili mwenye mzigo kichwani asipate taabu ya kupinda. Nyumba za nyuma, zilizo salama, ndizo changa. Jengo likiwa la kale zaidi ndivyo linavyokuwa karibu zaidi na katapila, na bado halijafikia umri wa kuokolewa na Mambo ya Kale. Ni kijana mno kwa sheria moja na limekaa mbele mno kwa sheria nyingine.

Naomba nisieleweke vibaya. Mimi si adui wa lami. Nimepanda mabasi ya kusini enzi za pantoni la Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, wakati safari ya Lindi mwezi Aprili ilihesabiwa kwa siku, na abiria walibeba vyungu. Mama mjamzito wa kata za ndani anahitaji barabara pana kuliko anavyohitaji baraza ya Mhindi. Kama ni lazima duka lisogee ili gari la wagonjwa lipite, lisogee. Ninachouliza ni kwa nini anayefika wa kwanza pale daima ni mtu wa rangi na brashi, na hajatanguliwa na mtu wa kamera na futi.

Kwa maana kazi hiyo si ya gharama. Kupima jengo la vyumba vinne ni kazi ya asubuhi moja. Kata zetu sasa zina shule za sekondari, zina walimu wa historia wanaofundisha Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza ubaoni huku ghala la korosho likiwa dirishani. Halmashauri ina ofisa utamaduni. Mzee aliyeshika mizani bado anaweza kuwa hai. Vikipatikana vipimo, picha za pande nne, na saa moja ya sauti ya wazee, hata katapila likipita kuna kitu kimebaki. Na pengine, jengo likishajulikana, mhandisi ataona kwamba barabara inaweza kupanuka zaidi upande wa pili, kwenye pori la mikorosho michanga.

Wapo waliofanya zaidi ya hapo. Boma la Mikindani, la mwaka 1895, lilikuwa limeachwa gofu. Katika miaka ya 1990 shirika la hisani kutoka Uingereza liliingia mkataba wa kulikarabati, wakatumika mafundi wa pale pale, likawa hoteli na mahali pa kufundishia vijana kazi. Waweza kunung'unika kwamba boma la mkoloni limerudi kulaza wageni, na mimi nilinung'unika nilipoona bei ya chai. Lakini paa lipo.

Nilimjibu msikilizaji wangu siku ile ile. Nilimwomba asimame katikati ya barabara, atembee hatua za kawaida mpaka kwenye ukingo wa baraza, ahesabu, kisha atazame rangi ya ile X. Alasiri akanijibu: hatua 17, nyekundu. Nikamuuliza kama babu yake bado yupo. Akasema yupo, ila jioni husinzia mapema, kwa hiyo kama nakuja na kinasa sauti nije asubuhi.